Kuomba Nyaraka za Kanisa kwa Njia ya Mtandao

Utangulizi

Kitabu cha Ezra, katika sura ya 5 na ya 6, kina habari ambayo wahubiri wengi huipita upesi. Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa wakiijenga tena nyumba ya Mungu huko Yerusalemu, na liwali Tatenai akawauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Walijibu kwamba ruhusa ilitoka kwa Mfalme Koreshi. Neno lao peke yake halikutosha. Tatenai alimwandikia Mfalme Dario akiomba utafutaji ufanywe katika nyumba ya hazina huko Babeli. Utafutaji ukafanywa, lakini hati yenyewe ilionekana mbali na Babeli, huko Akmetha katika nchi ya Umedi. Ilipopatikana, ujenzi uliendelea, tena kwa gharama ya hazina ya mfalme.

Tunaona humo mambo manne ambayo kila hifadhi ya nyaraka inayategemea hata leo: mtu mwenye swali, ombi lililoandikwa, mtumishi anayetafuta, na hati iliyowekwa mahali inapoweza kuonekana. Siku hizi ombi hilo hupitia katika kompyuta. Mwanafunzi aliye Tanzania au Kenya aweza kuketi mbele ya kioo chake na kuomba barua iliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kutunzwa Ulaya au Marekani.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi maombi ya namna hiyo yanavyofanya kazi, na jinsi yanavyoweza kutufaa sisi tunaoandika historia za sharika, majimbo na dayosisi. (Msomaji ataelewa kwamba neno "maombi" hapa halina maana ya sala.) Jambo tunalotaka kulisisitiza ni moja: chombo cha kuombea, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kuleta kile ambacho hakikuorodheshwa. Nguvu ya ombi imo katika orodha. Jambo hili latuhusu sisi wenyewe kuliko tunavyodhani.

1. Mikusanyo maalumu na nyaraka ni nini

Maktaba ya kawaida hutunza vitabu vilivyopigwa chapa. Kitabu kikipotea, mara nyingi kingine chaweza kununuliwa. Mikusanyo maalumu si hivyo. Hiyo ni vitabu adimu, miswada ya mkono, ramani, picha na barua ambazo kwa kawaida hazina nakala ya pili. Nyaraka nazo ni karatasi zilizozaliwa katika kazi ya kila siku ya ofisi, shirika au mtu: taarifa, kumbukumbu za mikutano, hesabu, shajara na vitabu vya ubatizo. Nyingi hazikuandikwa ili ziwe historia. Ziliandikwa ili kazi ifanyike, na ndiyo sababu ushahidi wake una uzito.

Kwa kuwa hazina badala, nyaraka haziazimwi. Msomaji haingii mwenyewe penye rafu. Yeye huomba, mtumishi huleta, naye husoma mezani mbele ya mtumishi, akiandika kwa penseli wala si kwa wino, na kurudisha kila kitu kabla ya kutoka. Wako wanaodhani kwamba huo ni ukali usio na sababu. Lakini mwaka 2005 mfanyabiashara mmoja wa ramani za kale alikamatwa katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, baada ya mtumishi kuona wembe sakafuni. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alikuwa ameiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali. Jambo la namna hiyo linapotokea, swali la kwanza ni hili: nani alipewa kitabu hiki, na siku gani? Maktaba isiyo na kumbukumbu za maombi haina jibu.

Kwa hiyo ombi lina kazi mbili. Linamfikishia msomaji hati, na linaacha ushahidi wa mahali hati ilipopita. Mfumo wowote wa maombi, uwe wa karatasi au wa kompyuta, hupimwa kwa kazi hizo mbili.

2. Karatasi ya ombi

Kabla ya kompyuta, ombi liliandikwa kwenye karatasi ndogo. Msomaji aliandika jina lake, tarehe, na namba ya hati, kisha akatia sahihi. Katika maktaba nyingi karatasi hiyo ilikuwa na nakala zaidi ya moja. Nakala moja iliachwa kwenye rafu mahali palipotolewa boksi, ili aonaye pengo ajue kilichokuwapo kimekwenda wapi. Nyingine iliambatana na boksi mpaka chumba cha kusomea. Nyingine ilibaki ofisini.

Utaratibu huo ulikuwa wa hekima, na mahali pengi ungali unafaa. Upungufu wake ni kwamba mwandiko huweza kukosa kusomeka, namba huweza kukosewa, na anayetaka kujua ni faili gani limeombwa mara nyingi katika mwaka hana budi kuhesabu karatasi kwa mkono. Zaidi ya hayo, msomaji ilimpasa awe amekwisha kufika. Aliyekuwa mbali aliandika barua na kungoja kwa majuma mengi, na mara nyingi jibu alilopata lilikuwa swali: ni faili lipi hasa unalolitaka?

3. Ombi linavyosafiri katika mtandao

Miongoni mwa programu za kazi hii, inayojulikana sana katika vyuo vikuu vya Marekani ni Aeon, iliyotengenezwa na kampuni ya Atlas Systems ya jimbo la Virginia. Wanafunzi wa Agano Jipya watalitambua jina hilo, kwa maana latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya enzi au zama. Chuo Kikuu cha Yale, ambacho maktaba yake ya theolojia ina mkusanyo mashuhuri wa habari za misioni uitwao Day Missions Collection, hutumia programu hiyo. Hifadhi nyingine zina programu zao, lakini hatua zenyewe hufanana, nazo ni hizi:

(a) Kujiandikisha. Msomaji hutoa jina, anwani na mahali anakosoma au kufanyia kazi, na kujichagulia neno la siri. Atakapofika mwenyewe, huonyesha hati ya utambulisho, kama pasi ya kusafiria. Hatua hii huchukua mahali pa sahihi ya zamani.

(b) Kutafuta. Msomaji hupekua katalogi au orodha elekezi, yaani maelezo marefu ya nyaraka za mtu au shirika fulani, boksi kwa boksi na faili kwa faili.

(c) Kuomba. Karibu na jina la boksi au faili pana kitufe cha ombi. Msomaji akikibonyeza, programu huchukua yenyewe jina la hati, namba yake na mahali ilipo, na kuyaandika katika fomu. Hapa ndipo lilipo badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu kosa la kunakili namba limeondolewa.

(d) Kungoja zamu. Ombi huingia katika foleni inayoonekana na watumishi. Mtumishi hulisoma. Huangalia kama hati iko wazi kwa wasomaji, kama haiko katika matengenezo, na kama haitumiwi na mtu mwingine. Maktaba nyingi huweka sehemu ya nyaraka zao katika maghala yaliyo mbali na chumba cha kusomea, kwa hiyo ombi linalotumwa asubuhi huenda lisitimizwe siku hiyo hiyo.

(e) Kuletwa na kurudishwa. Kila mara hati inapohama, hali ya ombi hubadilishwa katika kompyuta: imetolewa rafuni, imefika chumbani, iko mikononi mwa msomaji, imerudi. Msomaji naye huweza kuliona ombi lake lilipofikia. Mwishoni, kumbukumbu hubaki.

Pamoja na ombi la kusoma chumbani, liko ombi la pili, la kutengenezewa nakala. Kwa sisi tulio mbali hili ndilo lenye manufaa zaidi. Msomaji hutaja kurasa anazozihitaji, hifadhi humjulisha gharama, na baada ya malipo hutumiwa picha kwa njia ya mtandao.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kubonyeza kitufe si kupokea hati. Nyuma ya kitufe yuko mtu anayesoma ombi, anayepanda ngazi na kushusha boksi. Ombi lililoandikwa kwa uangalifu na adabu humsaidia mtu huyo, na lililoandikwa ovyo humchelewesha.

4. Namba ya hati na maana yake

Tuchukue mfano mmoja. Mchungaji Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri na kutumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Barua na taarifa zake zimo katika nyaraka za shirika hilo, ambazo hutunzwa katika Cadbury Research Library ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Anayetaka kuzisoma hawezi kuomba "barua za Krapf" tu na kuishia hapo. Huna budi kufika kwenye namba CMS/C A5/O16. Herufi CMS zinataja shirika lenye nyaraka. Sehemu ya C A5 ni misioni ya Afrika Mashariki. Herufi O ni karatasi asilia zilizotumwa kutoka huko misioni, na 16 ni fungu la Krapf mwenyewe.

Namba hiyo yatufundisha kanuni ya msingi. Nyaraka hupangwa kwa kufuata ofisi au mtu aliyezitoa, na mpangilio alioutumia mwenyewe huheshimiwa. Hazipangwi kwa kufuata somo kama vitabu. Mwanafunzi anayetafuta habari za ubatizo wa kwanza katika nchi fulani asitazamie kukuta boksi lenye jina hilo. Imempasa ajiulize kwanza: ni nani angeliandika habari hiyo, angelimwandikia nani, na katika mwaka gani? Akishapata majibu hayo matatu, orodha elekezi itamwongoza hadi kwenye boksi. Asipoyapata, kompyuta haitamsaidia, hata akiandika maneno mengi kiasi gani.

Orodha hizi ziliwezekana kusomwa kwa kompyuta kutokana na kazi iliyoanza mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Huko wakutubi walianza kubuni kanuni ya pamoja ya kuandikia orodha elekezi, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998 kwa jina la EAD. Mfuatano huo ustahili kuangaliwa: orodha zilitengenezwa kwanza, na vitufe vya kuombea vikafuata.

5. Nyaraka za Walutheri wa Afrika Mashariki ziko wapi

Wamisionari waliandika sana, nao waliwaandikia wakuu wao wa huko kwao. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya historia yetu iliyoandikwa iko ng'ambo. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na nyaraka zake hutunzwa Halle, Ujerumani, katika Franckesche Stiftungen. Misioni ya Berlin ilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na nyaraka zake zimo katika hifadhi ya kanisa huko Berlin. Misioni ya Bethel ilifanya kazi Usambara na baadaye Bukoba, na nyaraka zake zimo Wuppertal, katika hifadhi ya Umoja wa Misioni wa Kiinjili.

Vita navyo viliziongezea nyaraka safari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa nchini, na katika miaka ya 1920 Kanisa la Augustana la Marekani lilikuja kusaidia kazi ya kaskazini. Kwa hiyo mwenye kuandika historia ya usharika mmoja wa Kilimanjaro aweza kuhitaji barua za Halle kwa miaka ya mwanzo, na za hifadhi ya Kanisa la Kilutheri la Marekani, iliyoko Illinois, kwa miaka iliyofuata. Atakayeuliza mahali pamoja tu atapata historia yenye pengo, na huenda asijue kwamba pengo lipo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hati ya Koreshi: iliulizwa Babeli, nayo ikawa Akmetha.

Nyumbani nako mna hazina. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam ina majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo mwaka 1997 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo maalumu wa habari za Afrika Mashariki.

Tena, kabla ya kuomba cho chote, yafaa kuuliza kama hati haijawekwa wazi kwa wote. Majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani, yenye alama R 1001 katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho huko Berlin, yamepigwa picha na yasomeka bure katika mtandao. Picha za zamani za misioni mbalimbali, zikiwamo za Leipzig, zimo katika mkusanyo wa mtandao wa Chuo Kikuu cha Southern California. Mtu asilipie kile ambacho amekwisha kupewa.

6. Mipaka ya mfumo huu

Tusiusifu mfumo huu kupita kiasi. Mipaka yake ni mingi, nasi tutataja minne.

Kwanza ni lugha na mwandiko. Picha ya barua ya Halle yaweza kufika katika simu ya mwanafunzi, lakini barua yenyewe ni ya Kijerumani, tena kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kufundishwa. Kanisa linalotaka kuzisoma barua za mwanzo wake halina budi kuwaandaa watu wachache kwa kazi hiyo. Hakuna programu itakayoziba kabisa nafasi yao.

Pili ni gharama. Kuomba ni bure mahali pengi, lakini kupigiwa picha kurasa mia mbili kwaweza kugharimu fedha ambayo mwanafunzi hana. Tunapendekeza vyuo na dayosisi zijiunge katika maombi: nakala ikishalipiwa na mmoja, itunzwe maktabani kwa manufaa ya wote, kadiri sheria ya hakimiliki na masharti ya hifadhi yanavyoruhusu.

Tatu ni udhaifu wa mashine zenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza mjini London ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao. Walinakili na kufunga data zake wakadai fedha, nayo maktaba ikakataa kulipa. Vitabu na miswada havikuguswa, vilikuwa palepale rafuni. Lakini katalogi ya mtandao ilizimika, na njia ya kuomba ikazimika pamoja nayo, hata vitabu vilivyokuwa katika ghala la mbali la Yorkshire vikawa kana kwamba havipo. Katalogi ilianza kurudi tarehe 15 Januari 2024, na huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi. Funzo ni wazi: orodha iliyo katika kompyuta sharti iwe na nakala nyingine mahali pengine, na ikiwezekana iwepo pia ya karatasi.

Nne ni siri za watu. Si kila hati iliyoorodheshwa yapasa kusomwa na kila mtu. Nyaraka zinazowahusu watu walio hai, kama vile majalada ya watumishi au mashauri ya ndoa, hufungwa kwa miaka fulani. Ombi la hati iliyofungwa hukataliwa, na hilo si dharau kwa msomaji. Hata kumbukumbu ya maombi yenyewe ni siri, kwa maana inaonyesha mtu fulani alikuwa akichunguza nini. Sisi tulio katika utumishi wa uchungaji tunalielewa jambo hili bila kuelezwa sana.

7. Jinsi ya kuandika ombi

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunatoa ushauri huu kwa mwanafunzi au mchungaji anayeomba kwa mara ya kwanza.

Soma kwanza vitabu vilivyokwisha kuandikwa juu ya jambo lako, na unakili kutoka katika maelezo ya chini namba za nyaraka ambazo waandishi wamezitumia. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata namba ya hati. Kisha punguza swali lako. "Nataka historia ya Kanisa la Usambara" si ombi. "Natafuta taarifa za mwaka za kituo fulani kati ya 1900 na 1910" ni ombi. Andika majina ya mahali kama yalivyoandikwa wakati ule, kwa maana wamisionari waliyaandika kwa tahajia yao. Kilima au kijiji kimoja chaweza kuwa na namna tatu za kuandikwa, na kompyuta haijui kwamba ni mahali pamoja.

Kama hifadhi haina orodha katika mtandao, mwandikie mtunza nyaraka barua pepe fupi. Jitambulishe, taja chuo chako au usharika wako, eleza swali katika sentensi mbili au tatu, na useme umekwisha kutafuta wapi. Uliza kuhusu gharama kabla ya kuagiza. Jibu likija, shukuru, na katika maandishi yako taja hifadhi na namba kamili ya hati, ili msomaji wako naye aweze kuomba kile ulichokiona. Kufanya hivyo ni haki yake, nako humwezesha kupima kama ulisoma sawasawa.

8. Nyaraka za sharika zetu

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote. Mtu aliye Tokyo au Chicago aweza leo kuomba barua ya mmisionari aliyekaa miaka michache katika usharika fulani wa Afrika Mashariki. Je, aweza kuomba kumbukumbu za baraza la wazee wa usharika huo huo? Aweza kuomba shajara ya mwinjilisti aliyeutumikia kwa miaka thelathini? Katika sharika nyingi jibu ni hapana, na si kwa sababu karatasi hizo hazipo. Zipo. Zimo katika kabati la ofisi, katika sanduku lililo stoo, au nyumbani kwa mjane wa mwinjilisti. Ila hazimo katika orodha yo yote, na kile kisichoorodheshwa hakiombeki.

Matokeo yake ni kwamba historia yetu huandikwa kwa kutumia upande mmoja wa mazungumzo. Sauti ya aliyeandika kwenda Ulaya yasikika, kwa maana barua zake zina namba. Sauti ya mwalimu, mwinjilisti na mzee wa kanisa aliyefanya kazi pamoja naye hufifia, kwa maana daftari lake halina namba. Tusiwalaumu watunza nyaraka wa Halle au Birmingham kwa hilo. Wao wameorodhesha walichopewa.

Wala si wanahistoria peke yao wanaopata hasara. Kitabu cha ubatizo au cha ndoa huhitajiwa na mtu anayethibitisha umri wake, na wajane wanaodai haki zao. Barua ya kugawiwa kiwanja huhitajiwa siku mpaka wa kanisa unapobishaniwa. Wakati huo usharika ndio huwa katika hali ya wale Wayahudi mbele ya Tatenai: unajua kwamba ruhusa ilitolewa, lakini watakiwa kuonyesha hati.

Kuanza hakuhitaji kompyuta. Inatosha daftari moja na penseli. Kila boksi lipewe namba. Katika daftari iandikwe namba hiyo, ofisi au mtu aliyetoa karatasi, aina ya karatasi, mwaka wa mwanzo na wa mwisho, hali yake, na kama ziko wazi au zimefungwa. Mpangilio wa zamani usivurugwe. Pini na vibanio vya chuma vilivyoshika kutu viondolewe taratibu. Selotepu isibandikwe penye mpasuko, kwa sababu gundi yake huiharibu karatasi. Maboksi yainuliwe kutoka sakafuni na yasigusane na ukuta, kwa ajili ya unyevu na mchwa. Iwepo pia karatasi ya ombi kama ile ya zamani, na asiwepo mtu, hata akiwa mchungaji au mwenyekiti wa kamati, atakayechukua jalada bila kuijaza. Mambo ya siri yafungwe kwa miaka itakayokubaliwa na baraza. Yale ya ungamo hayahusiki, kwa maana hayaandikwi kabisa.

Nakala ya daftari hilo ipelekwe makao makuu ya dayosisi na katika maktaba ya chuo cha theolojia. Siku dayosisi itakapokuwa na programu ya kompyuta, orodha itakuwa tayari kuingizwa. Ziko programu za kuorodheshea nyaraka ambazo mtu aweza kuzipata bila kulipia leseni, kama ArchivesSpace, ingawa kuziendesha kwahitaji fundi na umeme wa kutegemewa. Lakini dayosisi yenye programu bila orodha ni kama ghala lililojengwa kabla ya kulima.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mfumo wa kuomba nyaraka kwa njia ya mtandao ni karatasi ya ombi ya zamani iliyopewa mwendo wa haraka na kumbukumbu ndefu. Unatufikisha kwenye hifadhi ambazo babu zetu katika imani hawakuweza kuzifikia, ingawa barua zilizomo ziliandika habari zao. Wachungaji na wanafunzi wautumie bila woga, wakijua mipaka yake.

Pamoja na hayo tunawasihi wasomaji wetu walio sharikani wasingoje mradi mkubwa wala mgeni kutoka ng'ambo. Kila mchungaji anayepokea ofisi mpya huonyeshwa vyombo vya Ushakramenti, muhuri na hesabu za fedha, navyo huandikwa katika hati ya makabidhiano. Tunapendekeza orodha ya majalada na vitabu vya kanisa iongezwe katika hati hiyo, na isitiwe sahihi mpaka kila boksi limefunguliwa na kuonwa na pande zote mbili.